Uvamizi wa Kagera wa 1978 na Lugha ya Vita

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Mutukula, yakaingia mkoa wa Tanzania uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi na kuikalia nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Raia waliuawa, mifugo na mali zikaporwa, na mapema Novemba daraja la Kyaka likabomolewa. Amin alitangaza kwamba eneo hilo, lenye kilomita za mraba zipatazo 1,800, ni sehemu ya Uganda.

Uadui wenyewe haukuwa mpya. Ulianza Januari 1971, Amin alipompindua Milton Obote, naye Obote akapewa hifadhi Tanzania. Septemba 1972 wafuasi wake waliishambulia Uganda kutoka huko wakashindwa, na Mapatano ya Mogadishu ya mwaka huo yalituliza mambo kwa muda tu. Hata hivyo uvamizi huu uliikuta Tanzania na askari wachache mpakani.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia taifa. Hoja yake ya kupigana aliijenga juu ya maneno matatu: sababu, uwezo na nia. Hayo si maneno ya wanasheria wala ya makamanda; hata mkulima aliweza kuyapima mwenyewe. Magazetini na redioni Amin akaitwa nduli. Jina hilo lilimtenga mtawala na raia wake, ikaeleweka kwamba adui ni Amin, si Waganda. Maana hiyo ilihitajika sana Januari 1979, majeshi ya Tanzania yalipoingia Uganda ilhali ardhi iliyotekwa imekwisha kukombolewa, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukishikilia kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Kampala ilitekwa Aprili 1979.

Aidha, pande zote mbili zilitumia Kiswahili. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na ndicho kilichotumika jeshini mwake. Kwa hiyo Waganda wengi walikihusisha na ukatili wa askari. Waliokuja kuwaondoa askari hao walisema lugha ileile, lakini chuki haikufutika kwa ushindi mmoja. Ni mwaka 2005 tu ambapo katiba ya Uganda ilirekebishwa ili kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Ni dhahiri, basi, kwamba uchunguzi wa hali ya Kiswahili nchini humo hauwezi kuishia kwenye sera za elimu. Lazima uzingatie pia nani aliyekisema, na alikisema akiwa ameshika nini mkononi.