Maneno ya Biashara Street na masikio ya kompyuta

Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887, lingali Biashara Street, na leso zake zenye alama ya Mali ya Abdulla zinajulikana pwani nzima. Kila leso ina jina, yale maandishi yaliyo chini ya mji, yaani sehemu yake ya katikati. Zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaingia za Kirumi. Mnunuzi haangalii rangi peke yake. Husoma jina na kumuwaza atakayelisoma: wifi, mke mwenza, jirani. Maneno yaleyale yamechapwa kwenye leso chungu nzima, lakini aliyekusudiwa hujijua.

Wanafalsafa walichelewa kulieleza jambo hili. Mwaka 1955, J. L. Austin wa Oxford alitoa mihadhara Harvard, Marekani, akionyesha kwamba kusema ni kutenda: kwa maneno mtu huahidi, huonya, huomba. Kompyuta hazikuwa na habari hiyo. Kati ya 1968 na 1970 Terry Winograd aliunda programu ya SHRDLU huko MIT. Ukiiandikia kwa Kiingereza isogeze kipande cha rangi fulani kwenye skrini, ilitii, maana dunia yake yote ilikuwa meza moja na vitu vichache juu yake.

Kwa Kiswahili, Arvi Hurskainen alianza kazi ya programu ya SALAMA mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Hapo sarufi yetu ikafaa sana: "kanga huyu" ni ndege, "kanga hii" ni nguo, yaani leso, na upatanisho huo mashine inaweza kuufuata. Hayo yalikuwa maandishi. Sauti zimekusanywa kwa wingi miaka ya karibuni, hasa na mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambako watu hujitolea kusoma sentensi kwa sauti, na msemaji wa Kimvita anaweza kuitaja lahaja yake.

Lakini anayesoma sentensi hasemi kama aliyeko dukani. Mteja anakunjua leso, anaipapasa, kisha anauliza, "Sasa mbona ghali hivi, bwana?" Muuzaji haanzi kumweleza bei ya pamba. Ameshajua kwamba ameombwa apunguze. "Wewe una ngapi, mamangu?" Kompyuta inaweza kuyanakili maneno hayo bila kukosea hata herufi, ikadhani imesikia maswali mawili tu.

Kwa maoni yangu, kazi iliyobaki ianzie madukani humu: mazungumzo ya bei yarekodiwe kwa ridhaa ya wenyewe, na pembeni ya kila kauli iandikwe alichotaka msemaji. Na wanaojua kuyafafanua hayo, wenye maduka na wateja wao, walipwe kwa utaalamu huo.