Mia na themanini kwenye dashibodi

Wiki jana nilikuwa nateremka kutoka Limuru na mwanangu akaniuliza: baba, kama bango linasema 50, mbona gari limeandikwa mpaka 180? Nikamjibu kwamba ni sababu ya milima. Si uongo kabisa. Injini inayoweza kupanda kutoka Mai Mahiu ikiwa na familia nzima na magunia mawili ya viazi, ikifika tambarare lazima ibaki na nguvu ya ziada. Lakini nguvu ni kitu kimoja na mwendo ni kingine, na mimi ninayekula kwa kuandika programu nilipaswa kumpa jibu bora.

Jibu lenyewe liko Cincinnati, Marekani, mwaka 1923. Magari yalikuwa yanaua watu mjini, wakiwemo watoto waliozoea kucheza barabarani. Wakazi 42,000 wakatia sahihi ombi kwamba kila gari lifungwe kifaa cha kuzuia injini likifika maili 25 kwa saa, yaani kama kilomita 40. Hiyo haikuwa ndoto, kwani injini za mvuke zilikuwa na vidhibiti mwendo tangu enzi za James Watt. Wauza magari wakashtuka. Nani atanunua gari jipya la bei ghali kama halitalipita la zamani? Wakamwaga pesa katika kampeni, na Novemba wapiga kura wakaikataa hoja kwa kishindo. Baada ya hapo lawama ikazidi kuhama kutoka kwa gari kwenda kwa anayetembea: mwaka 1925 Los Angeles ilipitisha sheria ya kuwabana waenda kwa miguu.

Sisi tulijaribu nusu nusu. Sheria za Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliamuru matatu zifungwe vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Gari la kibinafsi likaachwa, ingawa halirus­iwi kupita 110 popote. (Wabunge husafiri kwa gari gani, mnajua wenyewe.)

Sasa kichekesho. Magari mengi tunayoendesha yalitumika kwanza Japani, na watengenezaji wa huko walikubaliana miaka mingi iliyopita kutopita 180. Yaani kizuizi kimo tayari! Kompyuta ya injini inasoma mwendo, na ukifika namba hiyo inapunguza mafuta. Ni namba tu kwenye kumbukumbu. Iandike 110 na mlima wa Mai Mahiu utapandwa vilevile.

Muungano wa Ulaya umesogea kidogo. Tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa huko lazima liwe na mfumo unaotambua kikomo cha barabara na kumwonya dereva. Dereva anaruhusiwa kuuzima.

Mwanangu bado sijamwambia habari za Cincinnati. Nitamwambia Jumapili, tukipita tena Limuru.