Dopamini ilifikaje ku midomo yetu: mzizi, sungura na wazee wa Vienna



Neno dopamini limekuwa kama chumvi siku hizi. Ku ma statut ya WhatsApp, mtu akicheka ni dopamini, akipendwa ni dopamini, akishindwa kuacha simu ni dopamini. Wengine wanasema eti wanafunga dopamini, sawa vile mtu anafunga chakula. Sikatai kwamba neno linasaidia maongezi. Lakini mimi niliyesoma biolojia linanisumbua kidogo, juu historia yake haikuanzia ku raha. Ilianzia ku mzizi wa mti, ku sungura aliyekaa kama sanamu, na ku wazee waliokuwa wanashindwa kuinuka kitandani. Na mti ule, ndugu yake anaota hapa kwetu.

Turudi nyuma kwanza. Mwanzoni mwa karne ya 20, ba profesa wa Ulaya walibishana sana juu ya swali moja: neva inapofika mwisho wake, inapitishaje habari ku musuli au ku neva nyingine? Kwa umeme, ao kwa dawa fulani inayomwagika katikati? Kambi moja iliitwa ya cheche, nyingine ya supu. Mwaka 1921, kule Graz, Austria, Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya chura. Wa kwanza aliuacha na neva yake, akaisisimua kwa umeme, moyo ukapunguza mwendo. Kiisha akachota maji yaliyouzunguka, akayatia ku moyo wa pili usiokuwa na neva. Nao ukapunguza mwendo! Maji yalikuwa yamebeba ujumbe. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia katika ndoto, akaliandika usiku, asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, safari hii akaamka na kwenda labo moja kwa moja. Dawa ile ilikuwa asetilkolini. Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale. Miaka miwili baadaye Wanazi wakamtia gerezani juu alikuwa Myahudi, na kabla ya kumwacha aondoke Austria wakamlazimisha kuhamisha pesa za tuzo ku banki waliyokuwa wanaitawala.

Lakini moyo wa chura si ubongo. Juu ya ubongo, watu wa cheche walishikilia msimamo wao miaka mingi. John Eccles, aliyekuwa kiongozi wao, alikubali tu mwaka 1951, kiisha vipimo vyake mwenyewe kumpinga. Hata hivyo wengi waliendelea kuona kemia ya ubongo kama jambo la pembeni.

Hapa njo mzizi unaingia. Huko India, mmea unaoitwa Rauwolfia serpentina ulitumiwa tangu zamani kutuliza watu wenye wazimu. Mwaka 1931 waganga wawili, Gananath Sen na Kartick Chandra Bose, waliandika kwamba mzizi ule unatuliza wazimu na kushusha presha. Ulaya haikusikia. Mwaka 1949 Rustom Jal Vakil wa Bombay akachapisha juu ya presha katika gazeti la waganga wa moyo la Uingereza, njo Ulaya ikasikia. Mwaka 1952, kampuni ya Ciba kule Basel, Uswisi, ikatoa ndani ya mzizi kitu chenyewe kinachofanya kazi: reserpini. Ndugu wa mmea ule, Rauwolfia vomitoria, anaota katika misitu ya Kongo na ya Afrika Magharibi, na reserpini ndani yake iko mingi. Mizizi yake ilivunwa hapa wakati wa Zaïre na kupelekwa Ulaya. Sisi tulitoa gunia, wao wakatoa vidonge. Hadithi hiyo tunaijua ku madini, ku kinkina, ku kahawa. Sitaendelea nayo leo.

Reserpini ilituliza wagonjwa, lakini iliacha swali. Baadhi yao walianza kutetemeka na kukakamaa, hatua zikawa fupi, uso ukakosa mwendo, sawa kabisa na wagonjwa wa Parkinson. Wengine waliingia katika huzuni nzito. Dawa moja inawezaje kuleta yote hayo? Kule Bethesda, Marekani, labo ya Bernard Brodie iligundua mwaka 1955 kwamba reserpini inamaliza serotonini ndani ya ubongo. Mswidi mmoja kijana, Arvid Carlsson, alikuwa amekuja kujifunza kwake kwa miezi michache. Akauliza: je, haimalizi na vitu vingine? Mkubwa aliona swali hilo halina faida, jibu lilikuwa limeshapatikana. Carlsson akarudi kwao Lund na swali lake mfukoni.

Mwaka 1957, yeye na wanafunzi wake Margit Lindqvist na Tor Magnusson walichoma sungura sindano ya reserpini. Sungura wakakaa bila kutikisika, masikio yameanguka. Wakawapa kitu cha kutengeneza serotonini: wapi. Wakawapa L-dopa, kitu ambacho mwili unakigeuza dopamini na kiisha noradrenalini. Dakika zipatazo 15, sungura wakainua masikio, wakaanza kutembea. Walipopima ubongo, noradrenalini haikuwa imerudi. Basi nani aliwaamsha? Mwaka 1958 walipata njia ya kupima dopamini yenyewe. Kumbe ni yeye. Mpaka wakati ule vitabu vilimhesabu kama kituo tu cha njiani, kitu cha kupitia kufikia noradrenalini. Mwaka uliofuata wenzao Bertler na Rosengren wakaonyesha kwamba dopamini nyingi imekusanyika sehemu moja ya ndani ya ubongo, striatamu, ile inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili.

Mungefikiri dunia ilipiga makofi. Hapana. Mwaka 1960 Carlsson alikwenda London ku mkutano wa wakubwa, na wakubwa hawakumwamini. Henry Dale mwenyewe, mzee wa supu, aliona L-dopa ni sumu. Mtu aliyepigania nusu ya ukweli miaka 40 alishindwa kutambua nusu yake nyingine ilipokuja mbele yake. Mimi hapo njo napenda historia ya sayansi kuliko ma syllabus: ku syllabus kila kitu kinafuatana vizuri, hakuna mtu anayechekwa.

Wakati huo huo, Vienna, Oleh Hornykiewicz alisoma habari za reserpini na kujiuliza: kama sungura asiye na dopamini anakuwa sawa na mgonjwa wa Parkinson, basi mgonjwa wa Parkinson je? Yeye na Herbert Ehringer wakaomba bongo za watu waliokufa. Sita zilikuwa za wenye Parkinson. Walitumia njia ya rangi: kipande cha striatamu ya mtu mzima, ukikitia dawa yake, maji yanageuka ya waridi. Cha mgonjwa, rangi karibu haionekani. Hakuhitaji hata mashine, aliona kwa macho. Ugonjwa ulioitwa wa uzee, wa laana, wa mishipa, ulikuwa ni upungufu wa kitu kimoja mahali pamoja.

Julai 1961, munganga Walther Birkmayer alichoma L-dopa ku mishipa ya wagonjwa wa nyumba ya wazee ya Lainz. Waliolala bila uwezo wa kujiinua wakakaa, waliokaa wakasimama, wengine wakatembea kwa kasi. Ilidumu masaa machache tu. Mwaka 1967 George Cotzias, mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi Marekani, akaonyesha kwamba ukiwapa kwa mdomo, kidogo kidogo ukiongeza, faida inadumu. Kwa nini L-dopa na si dopamini yenyewe? Juu ubongo una ukuta wake kati yake na damu. Dopamini haipiti. L-dopa inapita, na ikifika ndani inageuzwa.

Sasa, dopamini inafanya nini kweli? Seli zinazoitengeneza ni chache: ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, hizi hazifiki milioni moja. Nyingi zao ziko chini kabisa ya ubongo, katika kipande cheusi, lakini nyuzi zake zinatawanyika striatamu nzima. Huko kuna njia mbili, moja inasema twende, nyingine inasema simama. Dopamini inapomwagika, inaipa nguvu ile ya twende na kuinyamazisha ile ya simama. Ikikosekana, simama inashinda kila mara. Mzee anataka kutembea, akili yake inajua, miguu inakataa. Si uvivu.

Habari ya raha ilikuja kwa mlango mwingine. Mwaka 1954, Montreal, James Olds na Peter Milner walitia waya ndani ya ubongo wa panya. Panya akawa anabonyeza kifaa mara mamia kwa saa ili apate umeme ule. Watu wakasema: hapa njo kituo cha raha, na baadaye wakakifunga na dopamini. Lakini Wolfram Schultz, kule Fribourg, Uswisi, aliposikiliza seli zenyewe ndani ya ubongo wa nyani, alisikia jambo lingine. Nyani akipewa tone la juisi bila kutarajia, seli zinalia. Akishajifunza kwamba taa inatangulia juisi, seli zinalia ku taa, na juisi ikifika zinabaki kama kawaida. Taa ikiwaka na juisi isije, seli zinanyamaza kabisa kwa muda. Mwaka 1997, pamoja na Peter Dayan na Read Montague, aliandika maana yake: seli hizi zinapima tofauti kati ya kile ulichotarajia na kile ulichopata. Na tofauti hiyo njo inayofundisha, juu dopamini ikimwagika wakati ule, viungo kati ya seli zilizokuwa zikifanya kazi vinabadilika nguvu. Njia uliyopita leo inakuwa rahisi kesho.

Sasa muangalie vijana mbele ya nyumba za pari. Wanaopoteza kila siku wangeacha zamani. Kinachowashika ni kupata mara moja moja, bila kujua lini. Na ushahidi ulitoka ku wagonjwa wa Parkinson wenyewe: baadhi ya waliopewa dawa zinazoiga dopamini, watu wazima wenye heshima, walianza kucheza kamari hadi kuuza mali ya nyumba, dawa ilipopunguzwa, wengi waliacha.

Kwa nini nawaandikia haya? Juu nimeona mzee wa mtaa wetu aliyeanza kutetemeka mkono mmoja, kiisha uso ukakauka. Jamaa wakasema amelogwa, ao analipa alichofanya. Walitafuta mlozi, wakampata: bibi kizee, mjane, mkwe wake. Bibi alifukuzwa nyumba. Mzee alikufa bila kuonja kidonge kimoja cha L-dopa, ingawa dawa hiyo iko ku orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Katika huyu mzee na huyu bibi, kilichokosekana ni rangi ya waridi ku chupa ndogo, lakini nani angewaambia?

Nimalizie na mmea mwingine. Muliotembea porini munajua upupu, ule unaowasha mwili mzima. Mbegu zake zimejaa L-dopa. Mwaka 2017 yalichapishwa majaribio yaliyofanywa Bolivia juu ya wagonjwa 18: unga wa mbegu zile ulifanya kazi karibu sawa na vidonge. Msikimbilie kuzichemsha: kipimo kinabadilika toka mbegu hadi mbegu. Mswisi Markus Guggenheim, aliyetoa L-dopa ndani ya maharagwe makubwa mwaka 1913, alimeza gramu 2.5 kujaribu, alitapika vibaya sana. Lakini labo ya kupima mbegu za upupu wa Kivu ao wa Katanga haihitaji mamilioni. Wenye kutafuta sujet ya mémoire, muniandikie chini hapa.