Ngao ya Ngozi na Macho ya Bunduki

Ukisimama Soin, msomaji, katika nchi ya joto iliyo chini ya mashamba ya chai ya Kericho, utaiona milima ya Wanandi ng'ambo ya bonde la mto Nyando. Watu wa milima ile ni ndugu za Wakipsigis, nao walipigana na Waingereza miaka kumi, tangu 1895 hata 1905. Pengine umesikia ikinenwa kwamba wazee wale walikuwa wajinga, kwa kuwa waliikabili bunduki kwa mkuki na ngao ya ngozi. Neno hilo si la haki, natulipime.

Kabla ya Waingereza walikuja wafanyabiashara wa pwani wenye magobori. Gobori hushindiliwa baruti na risasi kwa mdomo wake, na kazi hiyo huchukua muda. Wanandi waliutambua muda huo. Waliwachokoza wenye bunduki wapige, wao wakajilaza chini. Kisha waliinuka na kuwashambulia kwa mikuki kabla hawajashindilia tena. Basi ngao yao ya kweli haikuwa ngozi, bali hesabu.

Lakini mwaka 1884 Hiram Maxim alibuni bombomu, iliyoweza kutoa risasi 500 au zaidi kwa dakika moja. Waingereza walipoileta, ule muda wa kushindilia ukatoweka. Mwaka 1905 silaha hiyo iliwaangukia Wakipsigis wa Sotik, wakafa hata wanawake na watoto. Mwaka huo huo ikawaangukia Wanandi. Ushujaa haukupungua, pengo walilolitegemea ndilo lililozibwa.

Mambo hayo hayakukoma hapo. Siku hizi majeshi yenye mali huweka juu ya bunduki darubini za elektroniki. Ziko zinazoonyesha joto la mwili gizani. Ziko pia zinazopeleka picha kwenye kioo kilicho mbele ya jicho la askari, hata akaweza kulenga shabaha kando ya ukuta bila kutokeza kichwa chake. Giza, lililokuwa ngao ya wanyonge tangu kale, sasa halimfichi mtu.

Kwa hiyo, msomaji, usiwacheke wazee. Walipiga hesabu iliyo sahihi, ila dunia ikabadilika kabla ya habari kuwafikia. Wewe unayesoma leo habari hukufikia mapema. Je, ni hesabu gani ya jana ambayo bado unaitegemea?