Uzi wa Asili na Damu ya Watoto wa Temeke

Katika mitaa ya Temeke na Kinondoni, ambako koo nyingi zimemuuguza mtoto mwenye macho ya manjano na maumivu makali ya mifupa, ugonjwa wa selimundu umekuwapo tangu enzi za mababu, ingawa sababu yake haikudhihirika hadi karne ya 20. Mwaka 1954 Anthony Allison, tabibu aliyelelewa Kenya, alitoa ithibati kwamba mwenye kuirithi kasoro hii kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana imedumu katika nchi zetu. Kisha Vernon Ingram wa Cambridge akabainisha kwamba asili yake ni badiliko dogo mno katika protini ya himoglobini.

Lakini herufi za DNA, uzi wa urithi, hazikuumbwa kwa kutaja protini peke yake. Mwaka 1974 Roger Kornberg alieleza kwamba DNA huzungushwa juu ya mafungu ya protini nane ziitwazo histoni, mithili ya uzi wa cherehani katika bobini. Na kila fungu huzungukwa na takriban jozi 147 za herufi, na muungano huo ndio nukleosomi. Mwaka 1980 Edward Trifonov na Joel Sussman waligundua kwamba baadhi ya herufi hurudi kila baada ya hatua 10 hivi, marudio yanayousahilishia uzi kupinda, ilhali mfululizo mrefu wa herufi A ni mgumu kupinda, na aghalabu nukleosomi huuepuka. Basi maandishi yenyewe, yakishirikiana na protini nyingine za seli, huchangia kuamua wapi pafungwe na wapi pabaki wazi ili pasomwe.

Maarifa hayo yana uzito kwetu, kwa kuwa mgonjwa ambaye mwili wake haukuacha kutengeneza himoglobini ya tumboni mwa mama hupata nafuu. Mwaka 2011 Julie Makani wa Muhimbili na wenzake walionyesha kwamba kiasi cha himoglobini hiyo, kwa wagonjwa wa Tanzania, kinafuatana na tofauti za herufi katika jeni BCL11A, ambayo huizima himoglobini hiyo; na mwaka 2013 ikadhihirika kwamba herufi hizo zimo katika kipande cha DNA kilicho wazi ndani ya seli zizaazo chembe nyekundu za damu. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayokikata kipande hichohicho ili himoglobini hiyo isizimwe.

Hospitali za Muhimbili na Temeke zilipima watoto wachanga ugonjwa huu mwaka 2015 na 2016. Upimaji huo uwe ada katika kila wodi ya wazazi, na dawa ya haidroksiyurea, iongezayo himoglobini hiyo, isimkose mtoto kwa ufukara. Maana elimu iliyotokana na damu ya wagonjwa hawa ni haki yao kabla ya kuwa fahari ya wanazuoni.