Kikosi Kilichobeba Mafuta Angani

Leo tutazungumza habari za Kikosi cha 43 cha kujaza mafuta angani, cha jeshi la anga la Marekani, kilichoundwa mwaka 1948.

Tarehe 26 Februari 1949 ndege ya mabomu iitwayo Lucky Lady II iliondoka Texas, ikaizunguka dunia kwa saa 94 bila kutua. Kikosi hiki kiliinywesha mara nne: karibu na visiwa vya Azores, Arabuni, Filipino na Hawaii. Iliinyweshaje? Ndege ya mabomu iliburura waya mrefu. Ndege ya mafuta ikaunasa, watu wake wakaufunga kwenye mpira, na wale wa ndege ya mabomu wakauvuta mpira kwao. Ndipo ndege ya mafuta ikakaa juu kidogo, mafuta yakateremka kwa uzito wake, kama maji ya pipa lililo juu ya paa. Ni kazi ya hatari, jueni.

Kapteni James Gallagher na wenzake 13 walitua salama tarehe 2 Machi, wakalakiwa na wakubwa wa jeshi. Lakini kule Filipino ndege moja ya mafuta, ikirudi kituoni katika hewa mbaya, ilianguka. Watu wote 9 walikufa. Lucky Lady II ilikuwa imekwisha kushika njia ya Hawaii, ikienda kwa mafuta ya kikosi chao.