Himaa katika Sharia na Ngitili za Usukumani

 

Mji kama Ushirombo unapokua, swali moja humfikia imamu kabla halijamfikia hakimu: pori lililo pembezoni mwa mji, ambamo watu huokota kuni na kuchunga, je, ni ardhi mfu (mawāt) ambayo mwenye kuihuisha kwa nyumba huimiliki?

Tuanze na Bara Arabu. Zama za Jahiliya mkubwa wa kabila alikuwa akipanda mahali pa juu na mbwa wake, humfanya abweke, na pote sauti inapofika pakawa himaa yake, haingii mwingine. Mtume (s.a.w.) akaifuta desturi hiyo. Katika hadithi ya Sa'b bin Jaththama (r.a.), aliyoipokea Bukhari, alibainisha kwamba himaa ni ya Allah na Mtume Wake tu. Naye akaihifadhi Naqī' kwa ajili ya farasi wa Waislamu, si wake mwenyewe.

Sayyidna Umar (r.a.) alipoihifadhi Rabadha, alimweka Hunayy, huria wake, kuwa msimamizi. Wasia aliompa unastahiki kusomwa na kila mjumbe wa kamati ya ardhi. Alimtahadharisha na dua ya aliyedhulumiwa. Akamwamuru awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie wanyama wa Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan (r.a.), kwani hao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba. Maskini mifugo yake ikifa atakuja kwa Khalifa na watoto wake, na maji na majani ni mepesi kuyatoa kuliko dhahabu na fedha. Kisha Umar akakiri kwamba wenyeji wanaona amewadhulumu, maana nchi ni yao.

Wasukuma nao walikuwa na ngitili: eneo la majani na miti linalofungwa mvua zinapoanza, likafunguliwa kiangazi malisho yakiadimika. Anayevunja mwiko hutozwa faini kwa hukumu ya dagashida, baraza la jadi. Ukataji wa miti wakati wa ukoloni ili kumaliza mbung'o, kilimo cha pamba, na kuhamishiwa watu vijijini miaka ya 1970 viliudhoofisha mpango huo. Shinyanga ikageuka kipara. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI); ngitili zilizojulikana wakati huo zilikuwa kama hekta 600, na hadi mradi unakoma mwaka 2004 zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Wilaya ya Bukombe, ambayo makao yake ni Ushirombo, ilikuwa bado katika mkoa wa Shinyanga; iliingia mkoa wa Geita mwaka 2012.

Tusiifanye ngitili kuwa himaa kamili. Nyingi ni za watu binafsi, na mwenye ng'ombe wengi hufaidi zaidi, jambo ambalo Umar angelikataa. Māwardī (aliyefariki mwaka 450 H.) anasema haijuzu himaa kuwahusu matajiri peke yao.

Lakini pori la wote, ambamo mji mzima huokota kuni, lina hukumu iliyo wazi. Kāsānī wa madhehebu ya Hanafi (aliyefariki mwaka 587 H.) ameeleza kwamba mahali pa nje ya mji panapotumiwa na watu wake kwa kuni au malisho si mawāt, na hata Imamu hana uwezo wa kumkatia mtu. Sisi Mashafi tunaliita harimu ya kijiji, nayo haimilikiwi kwa kuhuishwa. Sheria ya nchi nayo, ile ya Misitu ya mwaka 2002, imevipa vijiji haki ya kutenga misitu yao. Hatari huja kijiji kinapogeuka mji, baraza lililolinda pori likavunjwa, na vigingi vya viwanja vikafuata.

Na kiwanja hicho kikitolewa kwa msikiti? Wako watakaoona haya kukikataa. Sharti la wakfu ni mtoaji awe anamiliki anachokitoa, na harimu haina mmiliki mmoja wa kuitoa.